Shangazi, namuuliza mwanangu kila siku lakini hanijibu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nina genge la mboga na nyanya mbele ya nyumba tunayopanga. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, kwa hiyo kwa mwezi tunamwona siku nne au tano tu. Tunaishi na mama mkwe wangu. Ananisaidia sana na sina ugomvi naye, ila kwenye hili tumepishana.

Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 10, yuko darasa la nne. Wa pili ni wa kike, ana miaka 4.

Mwanzoni mwa mwaka tuliitwa kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu mmoja alituambia tuache kukimbilia fimbo, tuwaulize watoto maswali yatakayowafanya wafikiri wenyewe wamekosea wapi. Maneno yale yaliniingia. Mimi nimelelewa kwa bakora, na mpaka leo nikisikia mtu anavunja kijiti cha mpera nashtuka. Nikajiambia wanangu hawatalelewa hivyo.

Basi nikaanza kuuliza. Shangazi, nimeuliza mpaka nimechoka. Akirudi na shati limechanika: "Kwa nini umechana shati? Unajua shati linauzwa shilingi ngapi? Unafikiri hela naokota?" Ananyamaza. Asipoosha vyombo: "Mbona vyombo vichafu? Si nilikwambia? Unataka nani avioshe, bibi yako?" Anainamisha kichwa, anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikimwambia niangalie nikiongea na wewe, machozi. Nikimbana sana anasema "sijui". Kila kitu sijui.

Huyu mdogo ndiyo kabisa. Namwuliza kwa upole, "Mwanangu, twende tukaoge?" Anasema, "Sitaki." "Unataka kula sasa?" "Sitaki." Juzi nimembembeleza kuoga kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, maji ya moto yakapoa, nikayapasha tena. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka anatuangalia, akasema, "Mtoto haulizwi, mtoto anaambiwa."

Kilichonifanya niandike ni cha wiki iliyopita. Nina kibubu cha mbao ambacho naweka hela ya kodi ya nyumba. Niliona msumari wa upande wa chini umelegezwa. Kuhesabu, shilingi 6,000 haipo. Siku hiyohiyo mwenye duka la jirani akaniambia mwanangu amekuwa akinunua soda na biskuti na wenzake, siku tatu mfululizo. Nikamwita. Nikajiambia leo sipigi, nauliza. "Umechukua hela kwenye kibubu?" Hapana. "Una uhakika?" Ndiyo mama. "Nakuuliza tena, umechukua au hukuchukua?" Akasema labda ni mdogo wake. Mtoto wa miaka minne, Shangazi, ang'oe msumari! Nikarudia mara ya nne, akasema sijui. Hapo sikujizuia. Nilikuwa nasonga ugali, nikampiga kwa mwiko uleule, mkononi na mgongoni, mpaka bibi yake akaja kunishika. Alikiri, lakini alikiri analia, na mpaka leo hajaniambia ilianzia wapi. Sasa ananikwepa. Nikiingia ndani, anatoka nje.

Naomba unisaidie. Je, huku kuulizauliza kunawafaa watoto wetu, au ni mambo ya vitabuni? Nakosea wapi? Na je, nimwombe radhi mwanangu kwa ule mwiko, au nikifanya hivyo nitakuwa nimehalalisha hela aliyoiba?

Mama wa Wawili, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikawa naweka alama kwenye kila swali ulilowauliza wanao. Nimepata 11. Kisha nikatafuta kati ya hayo ni lipi ambalo ulikuwa hujui jibu lake, na jibu lolote ambalo lingekuja ungelipokea. Sikuliona hata moja.

Sisemi hivyo kukulaumu. Uliiweka fimbo chini, na kwa mtu aliyelelewa kwa bakora hilo si jambo dogo. Lakini hakuna aliyekuonyesha ushike nini badala yake. Ulichofanya, kama wengi wetu tunavyofanya, ni kuuchukua ukali uleule wa fimbo ukauwekea alama ya kuuliza mwishoni. Mtoto anausikia vilevile.

Tuanze na maneno yenyewe. "Mbona" kwa Kiswahili chetu haliendi kwa mtu peke yake, limebeba lawama. Jirani akikwambia "mbona siku hizi huonekani," unaanza kujitetea kabla hajamaliza. "Si nilikwambia" halina jibu kabisa. Mtoto akisema "ndiyo ulinambia" ataonekana ana kiburi, akinyamaza ataonekana jeuri. Na "kwa nini" ni neno zuri sana anapouliza mtoto. Anapoulizwa yeye, tena saa ya kosa, anasikia kesi imekwisha kusikilizwa na kilichobaki ni adhabu.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi hatulikubali kwa urahisi: hiyo "sijui" ya mwanao, mara nyingi ni kweli. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo ya jambo kabla hajalifanya, inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka 10 anaruka ukuta, shati linachanika, na yeye mwenyewe anashangaa. Ukimwuliza kwa nini, unamtaka akupe sababu ambayo haikuwepo.

Kuna neno jingine tunalo, na tunalitumia kwa wageni na marafiki lakini tunawanyima watoto. "Ilikuwaje?"

Mtu aliyetoka safari na mguu umefungwa bandeji, humwambii "kwa nini umevunjika mguu." Unamvutia kiti unasema, "Pole, ilikuwaje?" Naye anaanzia mwanzo. Swali hilo linaomba kisa, halimtaki mtu ajitetee, na mtoto akianza kusimulia hufika mwenyewe kwenye kosa lake akiwa njiani. Utamsikia sauti inashuka. Utajua amefika.

Nilifundisha shule za msingi miaka 27 kabla sijastaafu, na nililijua hili nikiwa nimeshachelewa. Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyechelewa siku mbili tatu kila wiki. Kila akitokea mlangoni namwuliza, "Kwa nini umechelewa?" Naye alikuwa anasema, "Nisamehe mwalimu," huku anaunyoosha mkono, kiganja juu, kabla hata sijaigusa fimbo. Muhula mzima tukaenda hivyo. Siku moja wakati wa mapumziko alikuwa ananisaidia kufuta ubao, nami nikamwuliza tu, bila hasira, "Hebu niambie, asubuhi yako inaanzaje?" Akaendelea kufuta. Akasema, "Inaanza na bomba."

Kwao maji yalikuja kwa mgao, usiku wa manane, siku ambazo hazikujulikana. Bomba hukoroma kidogo kabla maji hayajatoka. Mama yake alikuwa anatoka saa tisa usiku kwenda kupika vitumbua stendi, kwa hiyo yeye ndiye aliyelala karibu na mlango ili ausikie ule mkoromo. Akisikia anaamka, anajaza madumu matano, anarudi kulala, na usingizi wa alfajiri unamchukua. Alinieleza yote haya akiwa amenipa mgongo, anafuta herufi moja moja.

Ule mkono ulionyooshwa bado nauona. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Sasa kibubu. Ulipomwita, ulikuwa unajua. Msumari umelegea, hela haipo, mwenye duka amekwisha kusema. Kisha ukamwuliza, "Umechukua?" Mwanangu, huo ni mtego, na mtoto akiuona mtego anakimbia, na njia ya kukimbilia iliyo karibu ni uongo. Hakuanza siku ile akiwa amepanga kumsingizia mdogo wake. Maswali yalimsukuma mpaka akafika pale.

Mwaka 2011 watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika shule mbili za Afrika Magharibi. Shule moja ilikuwa ya viboko, kila kosa na adhabu yake. Nyingine haikuwa na viboko. Waliwapa watoto wadogo mchezo wa kukisia kitu kilichofichwa nyuma yao, wakawaambia wasigeuke kuangalia, kisha wakawaacha peke yao. Watoto wa shule zote mbili waligeuka, watoto ni watoto. Tofauti ilikuja walipoulizwa. Wale wa shule ya viboko walikana kwa wingi zaidi, na hata walipoulizwa maswali ya kuwabana walijua kuushikilia uongo wao usivunjike. Hao ni watoto wa miaka 3 na 4. Woga haukuwazuia kuangalia. Uliwafundisha kuficha.

Na lile la kurudia swali mara nne, liangalie vizuri. Jibu la kwanza lilikuwa hapana, la tatu ni mdogo wangu, la nne sijui. Ulidhani anakuchezea. Lakini mtoto akiulizwa swali lilelile tena, huona jibu lake la kwanza halikupendeza, basi anatafuta jingine. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alikuwa anawauliza watoto kama maji ni sawa katika glasi mbili, kisha anayamimina ya glasi moja katika glasi nyembamba na kuwauliza tena. Wadogo wengi walikosea, wakasema ya glasi nyembamba ni mengi zaidi. Mwaka 1984 nchini Uingereza watafiti wengine waliuliza mara moja tu, baada ya kumimina, na watoto wengi zaidi wakapatia. Maji yaleyale. Kwa hiyo hata mtoto asiye na kosa lolote huyumba akiulizwa mara mbili, sembuse aliyeshikwa na woga huku mama ana mwiko mkononi.

Unachokijua, kiseme. "Nimeona msumari wa kibubu. Shilingi 6,000 imetoka. Mwenye duka ameniambia ulinunua soda na wenzako." Hapo umemwondolea kazi ya kukana, maana hakuna cha kukana. Kisha uliza usichokijua. Ilikuwaje? Ilianza siku gani? Wakati unatoa ule msumari ulikuwa unawaza nini? Wale wenzako walikwambia nini ulipofika na soda?

Hayo mawili ya mwisho ndiyo ninayoyaogopea, na nataka uwe tayari. Mtoto wa miaka 10 anayenunulia wenzake soda siku tatu mfululizo anaweza kuwa ananunua urafiki. Anaweza kuwa ametishwa na wakubwa zake njiani. Anaweza kuwa ameanza kwa sarafu kwenye zile mashine za kamari zilizosambaa vibandani, soda ikaja baadaye. Au alitamani tu, basi. Mimi sijui, na wewe hujui, na ukiingia na jibu lako mfukoni hutajua kamwe. Kama atakwambia kuna mtu mzima au kijana anayemdai hela au anayemfanyia jambo lolote baya, usipaze sauti, usikimbilie kwenda kupigana. Mshukuru kwa kukwambia, msikilize mpaka amalize, kisha nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, haina malipo, na hata mzazi anaweza kupiga kuomba ushauri. Mtoto aliyezoea kwamba maswali ya mama ni mitego hatayasema mambo haya, hata yakimtokea. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko shati, vyombo na hela ya kodi vikiwekwa pamoja.

Umesema ukimwambia "niangalie nikiongea na wewe" analia. Fikiria tulivyomlea. Tangu ameanza kutembea anaambiwa asimkodolee mkubwa macho, heshima ni kuinamisha kichwa. Siku ya kosa tunamwambia atuangalie usoni. Afuate lipi? Achana na uso wake. Mazungumzo mazuri na watoto hayafanyiki ana kwa ana, yanafanyika mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa mahali pengine. Wewe una bahati, kazi yako imejaa mikono. Mchicha unachambuliwa kila jioni, sivyo? Weka ungo katikati yenu, kaeni ubavu kwa ubavu, mpe fungu lake achambue. Si gengeni mbele ya wateja, wala mdogo wake asiwepo anasikiliza, wala asiwe na njaa ametoka shule saa hiyohiyo.

Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo tunaposhindwa wote. Kulikuwa na mwalimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye alirekodi madarasa mengi akapima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Aliona kwa kawaida ni kama sekunde 1, kisha mwalimu anauliza lingine au anajibu mwenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa hawanyooshi mikono wakaanza kusema. Sekunde 3 zinaonekana chache mpaka ujaribu ukiwa na hasira. Mimi nakupa kipimo chako: ukishauliza, chambua matawi kumi ya mchicha kabla hujafungua mdomo. Kumi kamili. Akisema "sijui", sema "haya," uendelee kuchambua. Usishangae "sijui" ikafuatiwa na "ila" ukifika tawi la saba.

Isipofuatiwa na kitu, kuna njia yetu ya zamani. Bibi yao anaijua. Tukitegana vitendawili, anayeshindwa kujibu hapigwi wala hachekwi. Anaambiwa "nipe mji," anatoa mji, mchezo unaendelea. Mtoto anayeulizwa swali gumu naye apewe pa kutokea. "Leo hujui? Sawa, nipe mji. Kesho tukichambua tena utanambia." Atacheka kwanza. Kesho yake, au keshokutwa, jibu litakuja lenyewe, pengine usiku ukizima taa.

Ndiyo maana nikisikia kwamba kumwuliza mtoto ni mambo ya vitabuni, sikubali. Jioni zetu zilikuwa na maswali tangu zamani. Kitendawili! Tega! Na mtoto alitega sawa na mkubwa. Hata sheria imelitambua hilo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, na inakataza adhabu za kikatili. Lakini usiende kumsomea mama mkwe sheria. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo unaihitaji.

Kwa huyu wa miaka 4, bibi amesema sawasawa. "Twende tukaoge?" uliuliza jambo ambalo halina hiari. Mtoto akakujibu kwa uaminifu kabisa, hataki, nawe hukulikubali jibu. Ukifanya hivyo mara nyingi atajifunza kwamba kuulizwa na mama hakuna maana yoyote. Kuoga ni lazima, kwa hiyo sema: "Saa ya kuoga imefika." Kisha mpe cha kuamua ndani ya lazima hiyo. "Tuanze na miguu au na mgongo? Kopo unashika wewe au nashika mimi?" Hapo akijibu, jibu lake linafanya kazi, na maji hayapoi. Na bodaboda ikija mbio, au mkono wake ukielekea kwenye jiko la mkaa, usimwulize kitu. Mpigie kelele, mvute. Maswali baadaye, akishatulia: "Uliona nini pale? Moto unafanyaje?"

Mwambie bibi hivyo, kwa heshima yake: "Mama, kwa huyu mdogo ulisema kweli, nimebadilisha." Mtu akikubaliwa kwa nusu yake hulegea kwa nusu nyingine. Halafu mwombe awategee watoto vitendawili usiku. Utakuwa umempa kazi anayoijua kuliko sisi sote.

Nirudi kwa kaka mtu, maana bado kuna 6,000. Usiisamehe haraka. Baada ya kukusimulia, iwe ni siku ile au siku ya tatu, mpe swali zito kuliko yote: "Ile ni hela ya kodi. Tutairudishaje?" Nimesema tutairudishaje, si utailipaje, maana peke yake hawezi, na anajua. Mwache apendekeze. Watoto hupendekeza makali kuliko sisi; anaweza kusema hatakula chakula cha mchana mwezi mzima. Hapo mrekebishe: chakula hakiguswi, shule haiguswi. Labda Jumamosi asubuhi anakusaidia kupanga nyanya mafungu na kuokota zilizooza, unamwekea 500 kwenye kibubu kila Jumamosi, anaiingiza kwa mkono wake mwenyewe. Ni majuma 12. Ni marefu, lakini kila Jumamosi atasikia sarafu ikidondoka ndani. Na msumari autengeneze yeye.

Utaniuliza kwa nini tupite njia ndefu hivi wakati mwiko ulimfanya akiri kwa dakika moja. Fikiria saa nane mchana. Wewe uko gengeni na wateja, baba yupo Tunduma anasubiri foleni ya mpakani, bibi amelala. Mtoto amerudi shule, yuko peke yake chumbani na kibubu. Saa hiyo hakuna wa kumwamrisha. Kama umemzoesha kuulizwa, kuna kitu kitauliza ndani yake, kwa sauti yako: hii ni hela ya nani, na jioni itakuwaje? Nimeiona ikitokea kwa watoto niliowafundisha, wengine walikuwa wasumbufu kweli. Haitokei mara moja. Utauliza vizuri Jumatatu na Jumanne utafoka, na Jumatano utaanza tena.

Sasa mwiko. Ndiyo, mwombe radhi. Hela ni kosa lake, mwiko ni kosa lako, na ukiyatenganisha mbele yake, atajifunza kuyatenganisha. Usiseme "nisamehe, ila ulinikasirisha," hiyo "ila" inafuta yote. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Wiki iliyopita nilikupiga kwa mwiko. Nilikuwa na hasira, na nilikuumiza. Lile lilikuwa kosa langu. Habari ya hela tutaizungumza siku nyingine." Heshima yako haitapungua. Anakukwepa sasa kwa sababu hajui mama yupi atamkuta ndani. Ukimwambia hivyo, atajua.

Fanya leo jioni. Mwite kwenye ungo, mpe fungu lake la mchicha, mwambie hayo. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akilia, mwache alie, sogea karibu. Na kwa jioni hiyo moja, mwanangu, usimwulize swali lolote. Chambueni mchicha mpaka uishe, mpike, mle.

Shangazi